Ngeli za Mashine Zenye Akili

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Nimefaulu! Asilimia sitini na nne kwenye mtihani wa Serikali. Mama amenimwagia kopo zima la poda, hata masikioni. Avenue yetu yote imeimba. Walipoanza kupiga kelele kwamba niseme neno, nimeingia chooni na kubaki humo mpaka wimbo ukaisha.

Nataka kusoma sheria. Nimeweza kuandika hapa. Kusema nimeshindwa, kwa hiyo Mama amenisemea kwa Mjomba Marcellin. Mjomba ndiye atakayenisomesha, maana Baba yuko Mongbwalu kwenye dhahabu, na dhahabu bado haijajua kwamba Baba yuko pale.

Mjomba amecheka mpaka soda ikamtoka puani. Avocat asiyesema! Atatetea watu kwa kuinamisha kichwa? Akawakumbusha wote ubatizo wa mdogo wangu, nilipopewa neno la shukrani. Nilisimama, nikasema "Asante", nikakaa. Nilikaa juu ya keki.

Osée, mtoto wake, amecheka kuliko wote. Jina la Osée halijaonekana kwenye matokeo. Mjomba anasema ni mtandao.

Halafu sharti. Jumapili hii, kwenye mkutano mkuu wa kanisa, mimi ndiye nitakayetangaza sheria za mashine zenye akili. Nikisema mbele ya watu, naingia fakilte ya sheria, chuo kikuu. Nisiposema, kesho yake napanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Nyankunde kwa Mama Mdogo Monique, kujifunza kushona yunifomu.

Kanisa na sheria za mashine wapi na wapi? Ni kwa sababu ya Papa Blanchard, shemasi wetu. Mwezi uliopita tulizika mzee mmoja aliyekimbia vita vya Djugu na jembe lake tu. Papa Blanchard alisoma hotuba iliyotungwa na simu. Hotuba ilimshukuru marehemu kwa uongozi wake bora katika bodi ya wakurugenzi. Kufika mwisho, bila kuinua macho, Papa Blanchard akasoma na hili: "Je, ungependa niongeze huzuni kidogo?" Mjane akajibu hapana, Papa, inatosha.

Ndipo ikaundwa kamati. Mjomba ni rais wake kwa sababu aliwahi kuhudhuria atelier, yaani semina, kwenye hoteli, siku moja, akarudi na mfuko mweusi na neno "risque", yaani hatari. Anasema kazi ni moja tu: classement. Kila mashine ipangwe kwenye classe yake, halafu tujue ipi tukataze. Amenipa mimi niandike. Nina mwandiko mzuri.

Sheria yangu ya kwanza! Naanza kesho asubuhi.


Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimekwama saa nzima. Mashine zinapangwaje? Kwa ukubwa? Kwa bei? Kwa risque? Nimemwuliza Mjomba risque ni nini hasa. Amesema ni kile kitu walichoeleza kabla ya kwenda pause-café, kunywa chai.

Halafu mwanga! Ngeli!

Mwalimu Néhémie alituanzishia shuleni klabu ya Kiswahili bora. Tulikuwa wanachama wawili, mimi na Dady, na Dady alikuja siku za mvua tu. Humo ndimo nilimojifunza ngeli. Lugha ilikwisha kupanga vitu vyote vya dunia kabla kamati haijazaliwa. Kwa nini nihangaike?

Ngeli ya MTU: mashine zinazosema au kujionyesha kama mtu. Marufuku kanisani.

Ngeli ya MTI: mashine zinazokua kwa kulishwa habari zetu. Ruhusa, lakini mtu asimame karibu.

Ngeli ya KITU: mashine zinazohesabu, zinazotafsiri, zinazopanga ratiba ya kwaya. Ruhusa.

Ngeli ya MAHALI: mashine zinazojua mtu yuko wapi. Nilitaka kuzikataza. Mama amesoma juu ya bega langu, akasema hizo ziwe lazima kwa kila kijana.

Nimempelekea Mjomba. Ameshika karatasi, ametikisa kichwa muda mrefu, amesema iko sawa. Hakugeuza ukurasa.

Wakati natoka nimekutana na Gauthier mlangoni. Gauthier ni jirani, tulimaliza shule pamoja. Ana mdomo. Kila arusi yeye ndiye protocole, msema-chochote wa sherehe, kila baffle la kanisa, spika kubwa, yeye ndiye anayelifunga. Siku hizi anatengeneza picha kwa mashine: anamtia babu aliyekufa kwenye picha ya arusi ya mjukuu. Babu wa mwisho alitoka na vidole sita. Gauthier aliwaambia wenyewe ni baraka.

Amekuja kumwambia Mjomba kwamba mimi nitaanguka mbele ya watu, heri atangaze yeye. Mimi nikiwa pale pale! Kaniambia, eti, dada, ukizimia uanguke upande wa kushoto, upande wa kulia nina nyaya.

Nimerudi nyumbani, nimechukua kalamu. Picha za marehemu: zinajionyesha kama mtu. Ngeli ya MTU. Marufuku kabisa. Nimepiga mstari chini.

Sheria ni kazi tamu.


Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mazoezi. Nimesimama mbele ya kioo. Sauti hakuna. Nimesimama mbele ya kuku. Nimefika "Wapendwa waumini", jogoo akanitazama, nikasahau kilichofuata. Nimesimama mbele ya Mama. Mama amelala.

Mchana nimegundua jambo. Simu yangu ina mashine inayosoma maandishi kwa sauti. Unabandika maneno, unabonyeza, mwanamke anasoma. Sauti safi! Haina haraka, haina kikohozi. Anasema Kiswahili bora kama mtangazaji wa redio.

Mpango: simu nitaificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Itaungwa na baffle bila waya. Nitashika micro karibu na mdomo na kuchezesha midomo, macho chini. Mtu mwenye haya akiinamisha macho hakuna anayeshangaa. Haya yangu mwishowe itanifaa!

Jioni nimesoma tena sheria yangu. Ngeli ya MTU: mashine zinazosema kama mtu. Marufuku kanisani.

Nimejikataza mwenyewe.

Kesho kamati inakaa. Itabidi marekebisho.


Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Kikao kwenye sebule ya Mjomba. Kila mjumbe alikuja na simu yake na sababu yake.

Papa Blanchard alisema mashine yake ya hotuba za kilio isiwekwe kwenye MTU. Ile ni kama miwani tu. Mtu akivaa miwani, ni miwani inayosoma? Tukaihamishia KITU.

Mama Kahindo, rais wa akina mama, alitaka mashine ya kufanya devoir, kazi za shule za watoto, ikatazwe bila huruma. Ila ile ile imsaidie yeye kuandika meseji kwa wakwe zake, maana ina adabu kuliko yeye. Tukaandika: kwa mtoto, MTU, kwa mama, KITU.

Mjomba ana mashine inayomfupishia mikutano aliyolala. KITU, akasema mwenyewe, na hakuna aliyebisha.

Nimeona jambo la ajabu, naliandika nisilisahau: mashine ya mjumbe haina hatari. Hatari inaanzia nje ya mlango. Nadhani ni kwa sababu wajumbe ni watu makini.

Kisha ugomvi. Mimi, kwa sauti ndogo, nilisema kwamba kwenye ngeli ya MTU tunasema "anasema", kwenye KITU tunasema "kinasema", hivyo hakimu atajua tofauti. Mama Kahindo akaniuliza mbona najitesa. Hapa Bunia gari iko, mbuzi iko, pasta wetu iko. "Weye mutoto unatafuta ngeli gani? Siye wote tuko iko!" Wakacheka. Papa Blanchard alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi! Hapo hapo nikasogeza karatasi yangu. Kifungu kipya: "Sauti yoyote itokayo kwenye baffle kwa ajili ya mtu mwenye haya au mwenye koo bovu ni KITU, wala haihesabiwi kuwa maneno ya mtu." Papa Blanchard akasema kifungu hiki kimeandikwa na Roho mwenyewe. Mjomba akapiga cachet, muhuri wa kamati. Anapenda sana cachet yake. Akatangaza sheria yote imeanza kazi leo, mkutano mkuu utaambiwa tu.

Gauthier alikuwa pembeni, aliletwa kwa ajili ya mambo ya sauti. Picha zake pekee zimebaki marufuku. Alinitazama tu, kisha akatazama kifungu, kisha akanitazama tena.


Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Shida. Baffle la kanisa haliungi simu yoyote bila Gauthier. Ana namba ya siri. Imenibidi nimweleze mpango.

Hakucheka. Alinisikiliza kama daktari. Halafu akaniuliza, taratibu, je, babu mwenye vidole sita hawezi kuwa MTI? Mti unakua. Vidole pia vimekua.

Nimefikiri. Kwa kweli kuna hoja. Nimehamisha picha zake kwenda MTI na kumpelekea Mjomba apige cachet tena. Amepiga huku anaongea kwenye simu.

Hii si rushwa. Ni marekebisho ya pili.

Tumejaribu kanisani, mimi na Gauthier na mzee anayefagia. Sauti imejaa mpaka darini. Mzee akavua kofia, akauliza huyu mgeni anatoka wapi. Gauthier ameniambia sasa mimi ni avocat kamili. Kumbe ana moyo mzuri! Nilimhukumu vibaya.


Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mama amenifulia blauzi nyeupe. Kutoka Nyankunde, Mama Mdogo Monique amenitumia kwa mtu wa moto kifurushi: futi ya kupimia na mkasi. Eti zawadi ya kufaulu. Zawadi gani hiyo? Sitaihitaji. Nimeficha mkasi chini ya godoro kwa sababu ulikuwa unanitazama.


Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Kanisa limejaa. Baada ya ibada Mjomba ameniita mbele kwa micro, akanikabidhi. Micro mkono wa kuume, kitabu cha nyimbo mkono wa kushoto, simu ndani. Macho chini. Nimebonyeza.

"Wapendwa waumini, amani iwe nanyi." Ee! Kanisa limeshusha pumzi. Nimesikia mama mmoja anamwambia mwenzake huyu mutoto anaongea sawa radio. Mwingine akauliza ni yule wa keki? Ndiyo, ni yule! Midomo yangu ilienda vizuri kabisa. Ngeli ya MTU imepita. Nimetupa jicho kwa Mjomba: uso wake umekuwa mrefu. Osée aliacha kutafuna biskuti.

Tumefika mwisho wa ngeli ya MTI. Simu ikatetemeka mkononi. Kuna mtu anapiga. Nikasogeza kidole gumba kukata. Kidole kimetetemeka kuliko simu. Kimepokea.

Baffle likanguruma: "Alo! Alo! Unanisikia?"

Kanisa zima likajibu: "Tunasikia!"

Mimi nilikuwa bado nachezesha midomo.

Ilikuwa Mama Mdogo Monique. Yeye kwenye simu hupiga kelele kama Nyankunde na Bunia zinazungumza bila simu. Amesema kitanda changu iko tayari, mashine ya kushona ameitia mafuta. Nisisumbuke na mambo ya kusema mbele ya watu. Marcellin alimwambia Jumatatu ile ile kwamba mimi sitasema, ndiyo maana alichagua sharti hilo. Nafasi ya fakilte ni ya Osée, mwaka huu ao mwaka ujao, jina lake likionekana.

Yote hayo yametoka mdomoni mwangu. Sikujua namna ya kusimamisha midomo.

Vichwa vyote vikamgeukia Mjomba, kisha Osée. Osée akameza biskuti bila kutafuna.

Mjomba akasimama. Akatoa sheria mfukoni, akaisoma kwa sauti kubwa, na hii ndiyo mara ya kwanza kwake kuisoma. Sauti yoyote itokayo kwenye baffle kwa ajili ya mtu mwenye haya ni KITU, wala haihesabiwi kuwa maneno ya mtu. Sauti imetoka wapi? Kwenye baffle. Kwa ajili ya nani? Ya huyu. Basi hakuna mtu aliyesema kitu. Kilichosema iko kitu tu. Tuendelee.

Simu ilikuwa bado wazi.

"Marcellin," baffle likasema, pole pole sasa, "miye niko kitu?"

Kanisa likafanya "Oooh". Mjomba akatazama baffle kama mtu aliyeitwa na marehemu. Mama Mdogo akaendelea. Yeye aliyembeba mgongoni vita ilipowatoa nyumbani, yeye iko kitu? Aliyemshonea koti la arusi? Kitu namna gani? Kiti? Sufuria?

Na Mjomba, mbele ya watu wote, akasema sheria ni sheria.

Sijui kilichonipata. Nimeinua macho. Nimesikia sauti inapasua baffle: "Mama Mdogo si kitu! Ni mtu! Ngeli ya kwanza! Umoja mtu, wingi watu!"

Ilikuwa yangu. Nimeshtuka kuliko wote.

Vigelegele! Mama Kahindo akaruka kutoka kwenye benchi. Mutoto amesema! Marcellin, sharti limetimia, mutoto aende fakilte! Akina mama wote nyuma yake wanapiga makofi.

Mjomba alingoja makofi yaishe. Akauliza, kwa upole, sauti hii nayo imetoka wapi. Akamwita Gauthier athibitishe kama fundi. Gauthier akatazama waya, akatazama dari, akasema kwenye baffle. Kwa ajili ya mtu mwenye haya? Akasema haya yake inajulikana. Basi ni KITU, akasema Mjomba. Haihesabiwi. Papa Blanchard akasema kwa kweli kifungu iko wazi.

Picha za Gauthier ziko MTI, zina cachet. Hakuwa na haja nami tena.

Mama Kahindo akanijia, akanipokonya micro. Akaniambia binti yangu, sema tena, na mdomo tu, neno moja, tumalize huyu muzee.

Nimefungua mdomo. Watu wote wale. Macho yote yale. Nimesema "Asante". Nimekaa.

Nimekaa juu ya kitabu cha nyimbo. Mama Mdogo amekatika, na baffle pia, na mashine ikaendelea palepale ilipokuwa imeachia. Kutoka chini yangu, kwa Kiswahili bora: "Ngeli ya KITU. Ruhusa."


Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Moto mpaka Nyankunde. Vumbi. Futi ya kupimia shingoni, mkasi ndani ya mfuko. Mama amelia, kisha akaniambia nisisahau kumsalimia dada yake, ambaye, kwa sheria ya kanisa, iko kitu.


Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mama Mdogo hajatulia. Anashona kola za watoto wa shule na kila kola anaipiga sindano kama anamshona Marcellin. Jumapili atakwenda Bunia mwenyewe, kwa miguu yake, bila baffle. Atasimama mbele ya mdogo wake huyo na kumwuliza kama miguu hii nayo iko kitu. Mama Kahindo amekwisha kuwapanga akina mama wote mlangoni. Mjomba, inasemekana, ameanza kusalimia watu kwa adabu.

Kwangu anataka jambo moja. Nisimame kando yake na kusema kwa mdomo wangu: "Mimi nataka kusoma sheria." Basi. Ananifanyisha mazoezi. Anakanyaga mashine ya kushona kwa nguvu ili nisijisikie, na mimi nasema juu ya kelele. Leo asubuhi aliacha kukanyaga ghafla, nami nikaendelea kusema. Chumba kizima kilinisikia. Wateja wawili walinisikia! Mmoja akasema vizuri, mwanangu, soma. Mama Mdogo akanikumbatia na pini zake zote.

Nimefurahi sana. Kisha nimekaa chini na kufikiri kwa makini kosa la Jumapili lilikuwa wapi.

Nimelipata. Sauti ilikuwa ya mwanamke! Angalieni kamati: sauti ya Mama Mdogo, kitu. Sauti yangu, kitu. Sauti ya Mjomba ilipita kwenye micro ile ile na baffle lile lile, na hakuna aliyeuliza ngeli yake.

Kwa hiyo nimepakua mashine nyingine. Ni ya mwanamume. Nzito, ya polepole, inakohoa kidogo kabla ya kuanza, kama mtu mwenye vyeo. Nimeipa jina la kiwakili, Maître Anselme. Mama Mdogo hajui bado. Nimemwandikia Gauthier aandae baffle, na yeye amejibu haraka, kwa upendo, kwamba ana babu mwingine anayehitaji marekebisho.

Kifungu nacho nimekwisha kukiandika upya, ili maneno ya baffle yahesabiwe. Maître Anselme nimeiweka kwenye ngeli ya MTU.

Samahani. Nimemweka.